Jinsi ya kutumia CBD kama we ni mchezaji unayepimwa doping

Kama unapimwa doping na unafikiria kuanza CBD, ile kemikali ya kwenye mmea wa bangi inayouzwa kama mafuta au vidonge, au ushaanza na hujawahi kukaa chini kuangalia hiyo chupa ina nini hasa, soma hii yote manake kuna wachezaji wengi sana wanatembea na imani kwamba "CBD ruksa" na habari ikaishia hapo. Haijaishia hapo. WADA, shirika la dunia la kupambana na doping, waliitoa CBD kwenye orodha ya vitu vilivyokatazwa kuanzia tarehe 1 Januari 2018, hilo ni kweli kabisa, lakini walichotoa ni kemikali moja tu, hiyo kanabidioli. Ndugu zake wote wanaotoka kwenye mmea huohuo wa bangi, yaani THC (ndo ile inayolevya), CBG, CBN, CBC, delta-8, pamoja na zile zinazotengenezwa maabara, bado ni marufuku wakati wa mashindano. Sasa we dukani hununui kemikali, unanunua chupa, na ndani ya chupa hao ndugu wengine wanakuwemo mara nyingi kuliko watu wanavyodhani. Karibu kila kitu nitakachoeleza hapa kinazunguka hapo.

Na simlaumu mtu anayeitaka. Mwili wa mchezaji wa kulipwa unauma karibu mwaka mzima, usingizi baada ya mechi ya usiku hauji, na ukimeza vidonge vya maumivu kila wiki tumbo na figo vinalipa. Mwaka 2020 ulitoka utafiti uliohoji wachezaji 517 wa raga ya kulipwa, asilimia 26 walisema wameshawahi kuitumia CBD au bado wanaitumia, na sababu kubwa walizotoa ni hizohizo, maumivu, mwili kurudi haraka baada ya mechi, na usingizi. Rob Gronkowski baada ya kustaafu NFL, ligi ya futiboli ya Kimarekani, kwa mara ya kwanza mwaka 2019 alijitokeza hadharani na kampuni ya CBD, Megan Rapinoe, mchezaji soka wa Marekani, naye vilevile. Kwahiyo sio jambo la kificho tena. Ila hawa wenye majina makubwa ukiwaona kwenye tangazo usisahau kwamba mwingine keshastaafu, mwingine ligi yake haipimi kabisa vitu vya bangi, na we huenda kesho asubuhi unagongewa mlango na mtu mwenye kikopo cha mkojo.

Anza kwa kujua nani anakupima

Hili watu wanaliruka na ndo la kwanza kabisa. Kanuni za WADA zinahusu michezo yote ya olimpiki na mashirikisho yake, riadha, kuogelea, baiskeli, soka, raga, ndondi za ridhaa na kadhalika. Ligi kubwa za Marekani zina sheria zao walizokubaliana na vyama vya wachezaji. Baseball, MLB, waliondoa vitu vya bangi kwenye orodha yao ya dawa za kulevya Desemba 2019. NBA, ligi ya kikapu, kwenye makubaliano ya 2023 bangi ikatoka kwenye upimaji. NFL wao wanapima bado lakini hawamfungii mtu kwa sababu ya THC peke yake. NCAA, chombo cha michezo ya vyuo vya Marekani, kwa timu za daraja la kwanza wakaiondoa Juni 2024.

Shida inakuja pale unapokuwa na miguu miwili. Mchezaji wa NBA akiitwa timu ya taifa kwenda olimpiki anaingia chini ya kanuni za WADA, na mkojo wake hautaulizwa ligi yake inasemaje. Hivohivo kwa yule wa chuo anayekimbia pia mbio za kitaifa. Chukua karatasi uandike mashindano yote unayoweza kucheza miezi kumi na mbili ijayo, kila shindano na chombo kinachopima, alafu fuata ile sheria kali kuliko zote. Usifanye hesabu ya "huku ruksa huku hapana", utajichanganya.

Na sheria ya nchi ni kitu kingine kabisa, usiichanganye na ya michezo. Sha'Carri Richardson alivuta bangi kwenye jimbo la Oregon ambako mtu mzima anaruhusiwa, akashinda mita 100 kwenye mchujo wa Marekani pale Eugene Juni 2021, kipimo kikaonyesha THC, matokeo yakafutwa, akafungiwa mwezi mmoja na olimpiki ya Tokyo ya mita 100 ikampita. Yule ilikuwa bangi yenyewe sio CBD, ila nakutajia kwasababu inaonyesha jinsi mkojo unavyohukumiwa, hakuna aliyejali kwamba hajavunja sheria ya jimbo.

Jiulize unaitaka ya nini

Hapa nitakuwa mkweli. Ushahidi wa CBD kwa wachezaji wenyewe ni mdogo, mdogo sana ukilinganisha na kelele za matangazo. Dawa halisi ya CBD ipo, inaitwa Epidiolex, FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, waliipitisha Juni 2018 kwa aina nzito za kifafa, na kwa wagonjwa hao inafanya kazi. Kwa maumivu ya misuli baada ya mazoezi tafiti ni chache, watu wachache, majibu yanapishana. Kwenye wasiwasi kuna kitu cha kuvutia kidogo, watafiti wa Brazil waliwapa watu CBD kabla ya kuwasimamisha waongee kama wanahutubia, waliomeza miligramu 300 wasiwasi ukapungua, lakini waliomeza 150 na waliomeza 600 hawakutofautiana na waliopewa dawa bandia. Kwahiyo kuongeza dozi sio kuongeza faida, na ukipunguza sana pia hupati kitu.

Ninachokuomba ni kwamba kabla hujanunua andika sentensi moja: nataka CBD inisaidie nini. Kama ni usingizi, basi wiki mbili kabla ya kuanza andika kila asubuhi ulilala saa ngapi uliamka mara ngapi, ili ukianza uwe na cha kulinganisha. Kama ni goti, nenda kwanza kwa daktari wa timu alitazame, manake goti linaloungua kila siku lina sababu na hiyo sababu haitaondoka kwa matone chini ya ulimi. Mchezaji asiyejua anatibu nini hataweza kujua kama amepona, ataendelea kununua tu mwaka mzima na kila chupa mpya ni hatari mpya.

Kuchagua chupa, hapa ndo kwenyewe

Utakutana na majina matatu kwenye lebo. La kwanza ni fulu spektramu, maana yake wamekamua mmea na kuacha kila kitu humo ikiwemo THC kidogo. La pili ni brodi spektramu, wanasema wametoa THC lakini wameacha zile nyingine. La tatu ni aisoleti, CBD iliyosafishwa peke yake.

Fulu spektramu kwa mchezaji anayepimwa na WADA sahau, hata usiiguse. Wauzaji watakwambia "THC ni chini ya asilimia 0.3, ni kidogo mno". Ngoja tupige hesabu. Chupa ya mafuta ya mililita 30 ina uzito wa kama gramu 28. Asilimia 0.3 ya gramu 28 ni miligramu 84 za THC ndani ya chupa. Ukitumia mililita moja kwa siku unameza karibu miligramu 2.8 za THC kila siku, na ukiamua kupandisha dozi mpaka mililita tatu ushafika miligramu 8, hiyo inakaribia kabisa kile anachokula mtu anayenunua keki ya bangi makusudi alewe. Kila siku. Ile asilimia 0.3 imewekwa na sheria ya kilimo ya Marekani ya 2018 kutenganisha hempu (bangi isiyolevya) na bangi shambani, na inapimwa kwenye mmea mkavu. Haikuwekwa kwa ajili ya mkojo wako.

Brodi spektramu ndo inayowaangusha hata wale makini. Mtu anasoma "haina THC" anapumua, anaweka kwenye begi. Lakini kumbuka nilichosema mwanzo, CBG na CBN na wenzake nao wamekatazwa wakati wa mashindano, na brodi spektramu inauzwa kwa sifa hiyohiyo ya kuwa nazo. Lebo yenyewe inakwambia ina kitu kilichokatazwa, sema imekwambia kwa lugha ya kusifia.

Kwahiyo imebaki aisoleti. Na hiyo nayo uikague, manake lebo na kilichomo ni vitu viwili. Mwaka 2017 jarida la JAMA lilichapisha utafiti wa bidhaa 84 za CBD zilizonunuliwa mtandaoni, asilimia 31 tu ndo zilikuwa na kiasi cha CBD kilichoandikwa. Bidhaa 18 kati ya 84 zilikutwa na THC. Hiyo ni zaidi ya moja katika kila tano. Mimi hiyo namba ya 18 ndo inanikosesha raha kila nikimwona kijana kashika chupa ya kupewa na mwenzake kwenye chumba cha kubadilishia nguo.

Cha kufanya ni kutafuta bidhaa iliyopimwa na watu wa nje wanaopima kwa ajili ya michezo, alama zinazojulikana ni NSF Certified for Sport, Informed Sport na BSCG. MLB walipompata mdhamini wa CBD mwaka 2022, Charlotte's Web, bidhaa ya kampuni hiyo waliyoipitisha ilibidi iwe na cheti cha NSF. Ukiona alama kwenye chupa usiiamini kwa macho, ingia kwenye tovuti ya hao waliotoa cheti utafute jina la bidhaa na namba ya bechi (kundi la chupa zilizotengenezwa pamoja), alama mtu yeyote anaweza kuichapisha kwenye lebo. Na hata ukiikuta, cheti kinapunguza hatari tu, hakiiondoi, hakuna shirika la doping duniani litakalokwambia bidhaa fulani ya CBD ni salama asilimia mia.

Kingine, aina ya bidhaa. Kapsuli na mafuta ya matone unajua umemeza kiasi gani. Pipi laini zina sukari na dozi inatofautiana pipi na pipi. Vepu mimi siipendi kabisa kwa mchezaji, mapafu ndo mtaji wako, na katriji za mtaani ndo mahali ambapo vitu vya kutengenezwa maabara vinachomekwa kirahisi. Krimu ya kupaka juu ya ngozi haipeleki mengi kwenye damu, ila plasta zile zilizotengenezwa kupenyeza dawa mwilini ni habari tofauti, zihesabu kama umemeza.

Kusoma cheti cha maabara

Kampuni ya maana itakuwa na cheti cha maabara kwa kila bechi, mara nyingi unaskani msimbo kwenye chupa kinafunguka. Wengi wanafungua, wanaona meza imejaa namba, wanafunga. Usifunge. Angalia kwanza namba ya bechi kwenye cheti ilingane na ya chupa uliyoshika mkononi, sio bidhaa ya jina hilo tu, chupa hiyohiyo. Angalia tarehe, cheti cha miaka miwili nyuma hakina kazi. Angalia maabara ni ya nani na kama ina ithibati ya ISO 17025, kile kiwango cha kimataifa cha maabara za vipimo, ikiwa maabara ni ya kampuni yenyewe inayouza basi hicho ni kipeperushi.

Alafu nenda kwenye safu ya THC na hizo nyingine. Ukiona ND maana yake hawakukuta kitu, sawa, lakini pembeni lazima kuwe na kiwango cha chini ambacho mashine yao inaweza kuona. Maabara yenye mashine isiyoona vizuri itaandika ND kwenye chupa ambayo maabara nyingine ingekuta kitu. Kama hicho kiwango hakijaandikwa, ND hiyo haina maana yoyote. Tazama pia kama wamepima CBG, CBN, CBC, delta-8, manake wengine wanapima THC na CBD tu, na safu isiyokuwepo haijakwambia kwamba kitu hakimo. Mwisho madini mazito, dawa za wadudu na viyeyusho, huu mmea unanyonya sana vitu kutoka ardhini.

Ukiandikia kampuni barua pepe ukiomba cheti na wakakujibu kwa maneno matamu bila karatasi, achana nao siku hiyohiyo.

Dozi

Pigia hesabu chupa yako. Chupa ya mililita 30 iliyoandikwa miligramu 1000 ina kama miligramu 33 kwa kila mililita, mililita moja ni karibu matone 20, kwahiyo tone moja ni kama miligramu 1.7. Matone sita ni miligramu 10. Hizo 10 nimezitaja kwa makusudi, manake shirika la viwango vya chakula la Uingereza, FSA, Oktoba 2023 lilishusha ushauri wake kutoka miligramu 70 kwa siku mpaka 10 kwa siku kwa mtu mzima mwenye afya, sababu wakiangalia matumizi ya muda mrefu waliona ini na tezi ya shingo vinaweza kuathirika.

Sasa weka hiyo pembeni ya zile 300 za watafiti wa Brazil. Chupa nzima ya miligramu 1000 inakupa dozi tatu tu za namna ile. Yaani kile kiasi kilichoonyesha kitu kwenye utafiti hakifanani kabisa na matone sita ya kwenye tangazo, na kile kiasi kinachoshauriwa kwa usalama wa muda mrefu ni kidogo kuliko kile kilichoonyesha faida. Huo ndo ukweli wa mambo ulivyo leo na kila mchezaji anatakiwa auone kwa macho yake kabla hajalipa pesa. Ushauri wangu, anza chini, miligramu 10 usiku, kaa hapo wiki mbili, linganisha na daftari lako. Ukitaka kwenda juu zaidi, hiyo ni kazi ya daktari na wewe mkiwa mmekaa pamoja.

Jambo jingine watu hawalijui, chakula kinabadilisha kila kitu. CBD inayeyuka kwenye mafuta, ukiimeza tumbo tupu kidogo sana kinafika kwenye damu, ukiimeza pamoja na mlo wenye mafuta mengi kiasi kwenye damu kinaweza kupanda mara nne au tano. Ndo maana mtu anasema jana haikufanya kitu leo imenilaza. Chagua namna moja, kila siku baada ya chakula cha usiku kwa mfano, usibadilishe badilishe.

Usiijaribu kwa mara ya kwanza wiki ya mashindano. Inaweza kukupa usingizi wa mchana, kuharisha, hamu ya kula ikapungua, na hayo yote unataka uyajue wakati wa mazoezi ya mwanzo wa msimu.

Dawa zako nyingine na ini

Mpe daktari orodha nzima. CBD inazuia vimeng'enya vya ini vinavyovunja dawa nyingi, kwahiyo dawa uliyozoea inaweza kukaa mwilini kwa wingi kuliko ilivyopangwa. Zile zinazojulikana sana ni dawa ya kuzuia damu kuganda ya warfarin, dawa za kifafa kama clobazam, na tacrolimus wanayotumia waliopandikizwa kiungo. Kama dawa yako imeandikwa usinywe na balungi, chukulia kwamba na CBD inaweza kugombana nayo mpaka mfamasia akwambie vinginevyo. Pombe na dawa za usingizi nazo zinaongeza kulewalewa. Wagonjwa wa Epidiolex, ambao dozi zao ni kubwa sana, wanapimwa ini kabla ya kuanza na baada ya mwezi mmoja, miezi mitatu na sita. We kwa dozi ndogo hauko huko, lakini timu nyingi zinachukua damu mwanzo wa msimu hata hivyo, omba waangalie vimeng'enya vya ini wakati huohuo na useme kwa nini.

Muda wa mashindano

Kwa kanuni za sasa, "wakati wa mashindano" unaanza saa 5:59 usiku wa siku ya kabla ya shindano na unaisha shindano likiisha na sampuli kuchukuliwa, japo mashirikisho mengine yameweka muda wao kwahiyo cheki la kwako. THC ina kiwango chake, nanogramu 150 (nanogramu ni sehemu ya bilioni ya gramu) kwa mililita ya mkojo, na maabara inaripoti ikizidi 180. Mpaka 2013 kilikuwa 15 tu, ndo wakakipandisha. Hizo ndugu nyingine kama CBG hazijapewa nafasi ya namna hiyo.

Watu wanasikia "wakati wa mashindano tu" wanapanga kuacha siku mbili kabla. Hesabu hiyo ni mbovu. THC inajificha kwenye mafuta ya mwili, mtu aliyekuwa anaimeza kidogokidogo kila siku anaendelea kuitoa kwenye mkojo siku nyingi, wengine wiki kadhaa, na kanuni haiangalii umemeza lini, inaangalia siku ya kipimo mkojo una nini. Anayepunguza uzito kabla ya pambano anachoma mafuta hayo hayo. Kwahiyo kama chupa yako ilikuwa na THC bila we kujua, kuacha siku mbili kabla hakukuokoi. Wapo wachezaji wanaoacha CBD kabisa msimu wa mashindano na kuitumia kipindi cha mapumziko tu, mimi naona huo ndo mpango wenye akili zaidi kwa anayeshiriki mashindano machache makubwa kwa mwaka. Mwenye mechi kila wiki hana hayo mapumziko, na kwake nasema wazi kwamba faida ninayoiona haifiki hatari yake mpaka awe na sababu ya kiafya iliyoandikwa na daktari.

Karatasi zako

Piga picha ya kila chupa, lebo mbele na nyuma na namba ya bechi. Hifadhi risiti, hifadhi cheti cha maabara kama faili sio kama linki, linki zinakufa. Ukinunua nunua mbili za bechi moja, moja usiifungue kabisa, iweke mahali pakavu mpaka miezi kadhaa ipite baada ya kumaliza mwenzake. Siku ya kupimwa ile fomu inakuuliza dawa na virutubisho ulivyotumia siku saba zilizopita, andika CBD na jina la bidhaa, usione aibu. Kutoandika ndo kunakuja kukuuma baadaye.

Sababu ya yote haya ni hii. Ukikutwa na kitu, kanuni inasema we ndo unawajibika kwa kilichomo mwilini mwako hata kama hukukusudia. Mlango mmoja wa kupunguziwa adhabu ni kuthibitisha kwamba bidhaa ilichafuliwa, na bidhaa inahesabika imechafuliwa pale tu kitu kilichokatazwa hakikuandikwa kwenye lebo na wala usingekipata kwa kutafuta mtandaoni kwa kawaida. Umeona sasa? Aliyetumia fulu spektramu au brodi spektramu hana huo mlango, lebo ilishamwambia. Mwenye aisoleti, chupa iliyofungwa, risiti na fomu iliyojazwa ana kitu cha kuweka mezani.

Ikija barua ya matokeo mabaya usimjibu mtu yeyote kwa simu. Mtafute wakili anayejua kesi za doping, angalia tarehe ya mwisho ya kuomba sampuli B (ile chupa ya pili ya mkojo wako iliyohifadhiwa) ifunguliwe manake ikipita imepita, na ile chupa ya pili ya CBD ipelekwe maabara ikiwa bado imefungwa. Kwa THC ukithibitisha ulitumia nje ya mashindano na haikuhusiana na kuongeza uwezo adhabu ni miezi mitatu, inaweza kushuka mpaka mwezi mmoja ukikamilisha programu ya matibabu iliyokubaliwa. Hiyo nafuu ni ya THC na vitu vichache vingine vilivyotajwa, CBG haimo, kwahiyo kuna hali ya ajabu ambapo kitu kisicholevya kabisa kinaweza kukupa kesi ngumu kuliko kile kinacholevya.

Ukisafiri

Iache nyumbani. Hong Kong waliipiga marufuku CBD tarehe 1 Februari 2023, iko kundi moja na dawa za kulevya, ukikutwa nayo ni hadi miaka saba jela, na hapo hata kama ni aisoleti safi yenye vyeti vyote nilivyotaja. Brittney Griner, mcheza kikapu wa Marekani, alikamatwa uwanja wa ndege wa Sheremetyevo, Moscow, Februari 2022 akiwa na katriji za vepu zenye mafuta ya bangi, akahukumiwa miaka tisa, akatoka Desemba kwa kubadilishana wafungwa. Medali na cheti cha NSF havisomwi na mbwa wa forodha. Kama kambi yako inahusisha nchi zaidi ya moja, hesabu pia zile unazopita tu kubadilisha ndege, alafu kagua begi zima pamoja na kile kimfuko cha choo na mifuko ya pembeni, na kama una mtu anayekupangia vifaa mwambie kwa mdomo kwamba hakuna chupa ya CBD inayoingia kwenye mzigo wa timu.